Kuchakata Mawe, Kuchakata Picha: Somo la Istilahi kutoka Kambove

Katika makala haya nachambua sentensi moja ambayo mwandishi wa habari wa Kiswahili angeweza kuiandika mwezi wa Desemba 2024: «Kampuni ya Intel inayoyumba yazindua kichakataji kipya cha michoro kwa ajili ya kompyuta za michezo.» Nimeichagua kwa sababu ina maneno manne yanayomtaka mfasiri awe macho.

La kwanza ni *kuyumba*. Chombo kinachoyumba hakijazama, na ndivyo ilivyokuwa kwa Intel. Agosti 2024 ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000. Katika robo ya tatu ya mwaka huo ilipata hasara ya dola bilioni 16.6. Tarehe 2 Desemba ikatangazwa kwamba mkuu wake, Pat Gelsinger, ameondoka. Kesho yake kampuni ikatangaza Arc B580, kwa bei ya dola 249. Kuandika «imefilisika» kungekuwa uongo.

La pili ni *kuzindua*. Maana yake ya zamani ni kumwamsha mtu aliyelala au aliyepoteza fahamu; maana ya kufungua jambo rasmi imefuata. Msomaji mzuri atazisikia zote mbili: kampuni inazindua bidhaa ikitumaini kuzinduka.

La tatu ni *michezo*. Peke yake, neno hili humpeleka msomaji kwenye kandanda. Afadhali tuandike «michezo ya video».

La nne, *kichakataji*, ndilo linalotugusa sisi wa Kambove. Wengi wetu hapa hutumia maneno ya Kifaransa kwa kompyuta na sehemu zake, tukidhani Kiswahili hakina lake. Lakini kitenzi *kuchakata* kina historia ya kazi za mikono na mashine. Katika mashamba ya mkonge ya Tanzania, kuchakata ni kukwangua majani ili nyuzi zibaki. Huko huko husemwa pia «kuchakata madini», yaani kuponda mawe, kuyasaga na kutenga madini na uchafu. Ndiyo kazi ya kiwanda cha Gécamines hapa Kambove, tunachokiita *concentrateur*. Kichakataji cha michoro nacho hupokea malighafi, yaani namba nyingi zinazoeleza maumbo, kisha hutoa rangi ya kila nukta kwenye skrini. Hufanya mahesabu maelfu kwa wakati mmoja, ndiyo maana picha ya mchezo haikwami. Tusikichanganye na kadi ya michoro: B580 ni kadi nzima, pamoja na kumbukumbu yake ya gigabaiti 12, kichakataji ni chipu iliyomo ndani.

Kuna kiungo kingine. Nyaya nyembamba ndani ya chipu kwa kawaida ni za shaba. Kwa teknolojia yake ya nanomita 10, Intel iliweka kobalti badala ya shaba katika tabaka mbili za chini za nyaya hizo. Teknolojia hiyo ilichelewa kwa miaka, na washindani wakaipita kampuni. Chipu ya B580 yenyewe ilitengenezwa na TSMC ya Taiwan. Shaba na kobalti: hayo ndiyo madini ya ardhi yetu, na jimbo letu la zamani liliwahi kuitwa Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Kweli, kobalti ya betri ni nyingi mno kuliko ya chipu. Hata hivyo, mtoto wa mchimbaji anastahili kusimuliwa safari ya jiwe kwa lugha anayoielewa, tangu shimoni hadi kwenye skrini.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika mazoezi yetu ya tafsiri tutumie *kuchakata* kwa mahali pote pawili, kiwandani na kwenye kompyuta. Mwalimu wa Kambove atakayeeleza kichakataji ni nini hatahitaji kuanzia mbali. Ataonyesha kiwanda kwa kidole, kisha ataendelea na somo.