Somo la Wiki: Vuja, Mwagika, Mwaga



Vitenzi vyetu vya wiki hii tutavisoma kwa kisa cha hapa hapa Marekani. Tarehe 9 Januari 2014, huko Charleston, West Virginia, wakazi walisikia harufu tamu hewani, kama ya pipi. Kwenye ghala la kemikali kando ya Mto Elk, tangi lilikuwa limeliwa na kutu hadi likatoboka chini. Takriban lita 40,000 za kemikali ya kusafishia makaa ya mawe zilivuja, nyingi zikaingia mtoni. Mitambo ya maji ya mji iko kilomita mbili na nusu hivi kutoka hapo, mto unakoelekea. Watu wapatao 300,000 wakaambiwa wasinywe maji ya bomba, wasipikie, wala wasioge. Ya chooni tu.

Sasa tazameni. Tangi *limevuja*. Kemikali *imemwagika*: hiyo -ik- inaonyesha hali, na mtendaji haonekani. Ukisema *wamemwaga*, basi wapo watu. Ripoti za ajali hupenda sana "imemwagika"! Lakini kutu haitoboi tangi kwa siku moja. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kulikagua. Tena tangi la kemikali huzungushiwa ukuta, ili likipasuka yaliyomo yabaki ndani ya ukuta. Charleston ukuta ulikuwepo, ila ulikuwa na nyufa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mzigo haukupotea, uliwahamia wanywaji.

Hapa naongea kama muuguzi, nanyi wazazi nisikilizeni zaidi. Kwetu, maji yakitiliwa shaka tunayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi kemikali, na nyingine hupanda na mvuke mkaivuta puani. Tangazo la "chemsheni maji" na tangazo la "msitumie maji" ni mambo mawili tofauti. Likija la pili, zimeni jiko, tumieni maji ya chupa, hata kwa maziwa ya mtoto. Bibi akishika sufuria, mwelezeni kwa adabu, kwa Kiswahili chake.

Zoezi: Andika sentensi tatu, moja kwa kila kitenzi, kuhusu tangi la Mto Elk. Kisha mwigizie bibi au babu tangazo la "msitumie maji", akuulize maswali, nawe umjibu bila kuchanganya Kiingereza. Tutasomeana Jumamosi.