Usipike Data: Kumaliza Tasnifu ya Usalama wa Kidijitali

Leo nazungumza na wewe unayemalizia chuo, hasa wewe ambaye tasnifu imebaki kidogo na nguvu zimebaki kidogo zaidi.

Mimi ni frateri, shahada yangu ni ya falsafa, na mambo ya kompyuta si fani yangu. Lakini dada yangu amemaliza tasnifu ya uzamili katika usimamizi wa ubunifu na usalama wa kidijitali, na kila sura aliyoandika nilikuwa naisoma kabla haijafika kwa msimamizi wake. Nimejifunza mengi humo, nikaona nisibaki nayo peke yangu.

Dada alichunguza utapeli wa simu kwa mama lishe wa Dar es Salaam wanaopokea malipo kwa simu. Nani asiyeijua ile meseji, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Tapeli wa aina hii havunji mtambo wowote. Anatuma meseji ileile kwa watu wengi, akitegemea kwamba mmoja wao alikuwa kweli anajiandaa kumtumia mtu hela. Anachokiiba kwanza ni imani ya mtu, hela inafuata.

Sasa sikia. Dada aligawa madodoso 60, yakarudi 43. Mwenzake darasani akamwambia, "Hayo 17 si ujaze mwenyewe? Wote wanapika data." Usiku akanipigia simu: "Frateri, nimechoka. Muda unaisha, na ada ya kuongeza muda sina. Niambie kweli, ni dhambi kubwa hivyo?"

Nikamuuliza, "Dada, tasnifu yako inahusu nini?"

"Watu wanaotapeliwa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya bwana, nimekuelewa."

Wanaosoma fani hii wanafundishwa nguzo tatu za usalama wa taarifa: usiri, uadilifu na upatikanaji. Tuzipitie moja moja, maana tasnifu yenyewe inapaswa kusimama juu ya nguzo hizo hizo kabla haijawafundisha wengine.

1. Usiri

Usiri maana yake taarifa anaiona yule tu anayestahili kuiona. Kuna mama aliyemweleza dada jinsi alivyopoteza mtaji wote kwa meseji moja, na mumewe hajui mpaka leo. Hiyo ni amana. Kwa hiyo dodoso liandike kwa namba, M01, M02, bila jina. Orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani ikae faili la peke yake, lenye neno la siri. Usipige picha madodoso ukayatupia kwenye grupu la WhatsApp ili wenzako wakusaidie kuhesabu. Na hata siku moja usimuulize mtu namba yake ya siri, eti ni utafiti.

Nchi nazo zimeliona hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sisi Wakatoliki tunalo jambo hili pia katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2491, panapozungumziwa siri za kikazi, chini ya amri ya nane.

2. Uadilifu

Hapa ndipo kasheshe ilipo. Katika usalama wa kidijitali, data ina uadilifu kama haijachezewa: ilivyotoka ndivyo ilivyofika. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu chenyewe. Sasa jiulize: yale majibu 17 ya kujaza mwenyewe yanalingana na kitu gani? Hakuna mtu nyuma yake. Halafu kesho mtu anasoma tasnifu, anaandaa mafunzo kwa ajili ya mama lishe, na mafunzo yanajengwa juu ya watu ambao hawapo.

Madodoso 43 kati ya 60 ni karibu asilimia 72. Andika hivyo hivyo, eleza na sababu. Ukweli mdogo unatetewa mbele ya jopo bila kutetemeka.

Na hizi programu za akili bandia? Fuata kanuni za chuo chako. Zinaweza kukusaidia kunyoosha sentensi pale inaporuhusiwa, lakini zina tabia ya kutaja vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Kitabu ambacho hujakifungua usikitaje.

3. Upatikanaji

Maana yake taarifa inapatikana inapohitajika. Flashi inaweza kupotelea kwenye daladala, laptopu inaweza kugoma wiki ya kukabidhi. Kanuni inayofundishwa ni rahisi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na unapoishi. Mara moja kwa wiki jaribu kuzifungua. Nakala isiyofunguka haina maana.

Upatikanaji una upande mwingine tunaousahau: matokeo yawafikie waliotoa majibu. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, alisomea uhandisi wa migodi huko Torino kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24, kabla hajahitimu. Cheti hakukishika, lakini alijua anasoma kwa ajili ya nani. Wewe je?

Dada aliacha 43 zikabaki 43. Alirudi kuwauliza wale ambao hawakurudisha. Wengine walikuwa wamehama kijiwe. Wengine wakamwambia wazi: "Mwanangu, tulishatapeliwa. Mtu akiniuliza habari za simu yangu, naogopa." Jibu hilo likaingia kwenye matokeo, na jopo lilikaa nalo kuliko jedwali lolote, maana ubunifu unaoogopwa na watu hautumiki, wanarudi kwenye hela ya mkononi. Marekebisho alipewa, tena mengi, na usingizi alikosa. Lakini hakukuwa na ukurasa aliouogopa.

Kazi yetu ya wiki hii

Soma Luka 14:28-30, mfano wa mnara. Kaa chini uandike: kimebaki nini, na kitachukua siku ngapi kwa kweli? Kama muda hautoshi, nenda kwa msimamizi wako mapema, umwambie. Kisha tengeneza zile nakala tatu, leo hii. Mwisho, taja mbele ya Mungu watu waliokujibu maswali, hata kwa namba zao tu, M01, M02, uwaombee. Ukishawaombea, kuwapikia data itakuwa ngumu.

Bwana atujalie kumaliza tulichoanza, kwa mikono safi. Amina.