Tela la kubebea pikipiki: mwambie fundi hivi

Matela mengi ya Mpanda yametengenezwa kwa ajili ya magunia ya mahindi na mpunga. Gunia ukilitupa sakafuni linatulia, lakini pikipiki inayumba kila gari linapopita kwenye shimo. Ukitaka kupeleka pikipiki Inyonga, Karema au Sumbawanga, tela la aina hiyo lina mambo ya kuongezwa kwanza.

Tela langu linafaa? Pikipiki za bodaboda zilizozoeleka zina uzito wa kilo 110 hadi 125 na urefu wa karibu mita 2. Kwa hiyo sakafu isipungue mita 2. Zikiwa mbili, sakafu izidi hapo, ili moja itangulie kidogo na sukani zisigongane. Kabla ya kuchomea chochote, fundi akague ekseli, springi, matairi na kutu kwenye fremu. Chuma kilicholiwa na kutu hakishiki weldingi.

Fundi aongeze nini? Kwanza reli: chaneli ya chuma yenye upana wa sentimita 10 hivi, tairi liingie humo lisiteleze pembeni. Pili kizuizi mbele ya kila reli, chenye umbo la V, kinachobana tairi la mbele. Tatu pete nne za kufungia kwa kila pikipiki, zichomewe kwenye fremu, si kwenye bati la sakafu. Nne daraja la kupandishia. Sakafu ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, daraja la mita 2.4 halitakuwa na mwinuko mkali.

Gharama nitaijuaje? Hesabu vifaa kabla ya kuuliza bei. Kwa pikipiki mbili, chaneli mbili za mita 6 zinatosha reli na daraja. Ongeza vizuizi viwili, pete nane na mikanda minane ya kukaza kwa mtambo wa meno. Peleka orodha hiyo kwenye maduka ya vyuma mawili au matatu, kisha upatane na fundi ujira peke yake. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, inaweza kukuelekeza kwa karakana inayofaa. Tela husajiliwa lenyewe, kwa hiyo waulize TRA na askari wa usalama barabarani kuhusu mabadiliko hayo kabla chuma hakijakatwa.

Nifungeje? Pandisha pikipiki, gurudumu la mbele likitangulia, hadi libanwe na kizuizi. Mikanda miwili ivute mbele na pembeni, ikishika chuma kinachobeba shokapu chini ya usukani. Kaza mpaka shokapu ishuke nusu tu, kwa sababu ukiikandamiza mpaka mwisho sili zake zitaharibika. Mikanda mingine miwili ishike fremu nyuma. Kunja stendi na ufunge koki ya mafuta. Vipande vya tyubu visitumike, maana vinanyumbuka na pikipiki hucheza navyo.

Uzito ukae wapi? Mwingi kidogo uwe mbele ya ekseli. Mkono wa tela unaoshika gari ubebe takriban asilimia 10 ya uzito wote: tela na mzigo vikifika kilo 600, kilo 60 hivi. Simamisha mkono huo juu ya mizani ya magunia upime. Ukiwa mwepesi, tela litapepesuka barabarani. Sogeza pikipiki mbele.

Kabla ya kuondoka, pitisha minyororo miwili ya akiba chini ya kiungo, ipishane. Jaribu taa za breki na indiketa, na uweke viakisi vyekundu nyuma. Baada ya kilomita 10 simama ukaze mikanda upya. Ukielekea Sumbawanga, kagua mikanda tena ukifika Sitalike, kwa kuwa mbele yake barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na huko si mahali pa kushuka garini.

Mtu asipande telani kushikilia pikipiki. Inayohitaji kushikiliwa bado haijafungwa. Rudi kwenye mikanda.