Binti hakukosa adabu, kaka

"Shangazi, nina ekari nne za mahindi hapa Morogoro, zimesomesha watoto watatu. Binti yangu wa kwanza amemaliza chuo kikuu cha kilimo, SUA, sasa kawa bwana shamba wangu: eti nisichome mabua kabla ya masika, niyaache yawe matandazo. Nikamwambia nilianza kulima kabla hajazaliwa. Akazidi kubisha mbele ya wadogo zake, nikapiga marufuku habari za shamba mezani. Sasa nyumba imetulia, nikiuliza lolote wananijibu, 'Kama unavyoona, baba.' Mama yao haingilii. Ila binti ananikwepa. Nimnyoosheje? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."
– Baba, Morogoro

Kaka yangu, barua yako ilikuwa ndefu na sehemu kubwa ilikuwa sifa za mazao yako. Nimezikata, uniwie radhi. Yamenishika yale maneno uliyoyaandika kwa fahari: "Kama unavyoona, baba."

Unauita huo utulivu. Hilo ndilo jibu apewalo mtu aliyekatiwa tamaa. Bosi mkali analipata kila siku. Na umesema mwenyewe, ni ukiuliza "lolote", si shamba tu. Ada ilipwe lini? Kama unavyoona. Twende hospitali gani? Kama unavyoona. Siku tapeli atakapokuletea kiwanja chenye hati ya kughushi, watakutazama ukimhesabia pesa, na wote watakuwa na adabu zao.

Mimi naamini, na nitazikwa naamini, kwamba mtoto anayembishia baba yake mezani bado anamhesabu. Anajua utafoka, anajua wadogo zake wanatazama, na bado anasema, kwa sababu mahindi yale ni chakula chake na aibu yako ni aibu yake. Umemsomesha kilimo kwa pesa ya mahindi, karudi na kilimo, unasema hana adabu. Ulitaka arudi na nini, picha ya joho?

Methali yako tunaipenda sisi wakubwa kwa sababu inatupa ushindi kabla ya mjadala. Lakini hata wakubwa husikiliza: mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipowauliza Watanzania wanataka chama kimoja au vyama vingi, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Chama kilichoshika nchi nzima kiliwasikiliza wachache. Wewe umeshika ekari nne.

Mabua ni jambo jepesi. Una hoja, moto unaua bungua waliojificha ndani yake. Naye ana hoja, matandazo yanashika unyevu na yakioza yanarutubisha udongo. Mwachie nusu ekari asiichome, mhesabu magunia wakati wa kuvuna. Mkishindwana, afisa ugani yupo.

Jambo zito ni mama yao. Barua yote ile, yeye kapata sentensi moja: haingilii. Mwanamke aliyepalilia shamba hilo pamoja nawe hana neno juu yake? Aliacha lini kuingilia, na mara ya mwisho alipoingilia ulimjibu nini? Anza naye kabla ya binti, tena mkiwa wawili tu. Muulize, halafu usimkatize, hata akirudi nyuma miaka kumi.