Shingo ya bata na hesabu ya momenti

Binamu yangu anaendesha malori Texas. Mwaka jana alinunua nyumba-tela iliyokwisha kutumika, zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo Wamarekani huzivuta nyuma ya pikapu wakienda mapumzikoni na familia. Usiku mmoja akanitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, wewe si unasoma uinjinia? Kuna fundi wa kuchomelea hapa anasema atalibadilisha hili tela, badala ya kufungwa nyuma ya bampa liwe la shingo ya bata. Siku mbili kazi imekwisha. Hebu nipigie hesabu kabla sijampa hela, maana navuta na wanangu wako ndani ya gari."

Nikajua ni swali la dakika kumi. Lilinichukua wikiendi nzima.

Tuanze na vitu vyenyewe. Tela la kawaida linafungwa kwenye tufe la chuma lililo nyuma kabisa ya gari, chini ya bampa. La shingo ya bata lina mkono wa chuma unaopanda kutoka mbele ya tela, unapita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu, kisha unashuka kwenye tufe lililofungwa katikati ya bodi ya mizigo, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kama hujawahi kuliona, simama Barabara ya Morogoro uangalie semi: mbele ya tela imelala juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa. Kifungio ni tofauti, wazo ni lilelile.

Na wazo ni zuri, hilo sibishani. Pikapu ya binamu ina mita 3.6 kati ya ekseli na ekseli, na tufe lake la zamani lilikuwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tulisoma wenzo na egemeo tangu shule ya msingi, sasa vitumie. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Kilo 360 zikikalia tufe, magurudumu ya usukani yanapunguziwa 360 × 1.2 ÷ 3.6, yaani kilo 120. Halafu lori kubwa likipita kasi, upepo unasukuma tela pembeni, tela nalo linasukuma mkia wa pikapu, na pua inageukia upande wa pili. Hapo ndipo tela linapoanza kucheza mkia. Tufe likiwa juu ya ekseli, umbali ule wa mita 1.2 unakuwa sifuri. Kani ipo, lakini haina wenzo wa kulizungushia gari.

Mpaka hapo fundi alikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba alikuwa anaangalia pikapu tu.

Nikamwomba binamu apime. Akaenda kwenye mizani ya malori, akachukua na futi kamba. Tela lina kilo 3,000. Kutoka tufe mpaka katikati ya ekseli zake ni mita 6. Uzito unaokalia tufe ni kilo 360, yaani asilimia 12, na hiyo ni sawa kabisa, kwa sababu tela la bampa hutakiwa kuwa na asilimia 10 hadi 15. Kutokana na hapo kitovu cha uzito kiko 360 × 6 ÷ 3,000, sawa na sentimita 72 mbele ya ekseli.

Sasa chomelea shingo. Ili ukuta wa nyumba usigonge pikapu kwenye kona, tufe jipya lazima liende mbele mita 1.2 zaidi. Umbali unakuwa mita 7.2. Kitovu hakijasogea, kwa hiyo 3,000 × 0.72 ÷ 7.2 inakupa kilo 300. Umeona? Tumeongeza chuma na uzito kwenye tufe umepungua! Weka kilo 150 za shingo yenyewe, ambazo katikati yake iko mita 6 mbele ya ekseli: unapata kilo 425 kwa jumla ya kilo 3,150, asilimia 13.5. Tela la shingo ya bata hutakiwa kuwa na asilimia 15 hadi 25, na wengi hulenga 20.

Kufika 20 kwa kupakia mizigo mbele ni kujidanganya, maana mizigo hubadilika kila safari. Dawa ni kurudisha ekseli nyuma. Niliandika mlinganyo wa momenti, d ikiwa ndiyo umbali wa kurudisha, ikatoka karibu sentimita 59. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwenye tela ni kukata vishikizo vya springi na kuvichomelea upya, na kuhamisha matao ya magurudumu ambayo ndani ya nyumba yako chini ya jiko. Siku mbili?

Halafu kuna chasisi, na hili ndilo lililonitisha. Zamani kilo 360 zilikuwa zinapinda mbele ya chasisi kwa mkono wa mita 1.2: kama Nm 4,200. Sasa ni kilo 630 kwa mkono wa mita 2.4. Hata ukitoa uzito wa shingo yenyewe unaopingana nazo, inabaki kama Nm 13,000, zaidi ya mara tatu. Na hapo tela limesimama tu. Ukifunga breki, kani ya mlalo inapita kwenye tufe lililo juu sana kuliko chasisi, nayo inaongeza momenti yake palepale kwenye kiungio. Boriti za nyumba-tela ni nyembamba makusudi, zipunguze uzito. Kiungo cha fundi kinaweza kuwa imara kama mwamba, boriti ikapasuka nusu mita nyuma yake, chini ya sakafu, usipoona.

Nikamtumia picha ya daftari na maswali matatu ya kumuuliza fundi: ekseli zitarudi kiasi gani, boriti zitaongezewa chuma mpaka wapi, na nani atapima uzito wa tufe baada ya kazi. Fundi alijibu la kwanza tu, kwamba ekseli haziguswi.

Binamu hakumpa hela. Tela bado anavuta kwa bampa, kwa mwendo wa polepole, huku anatafuta lililotoka kiwandani na shingo yake.