Farasi akianguka, dau lako liko wapi?

Umeweka shilingi 2,000 kwa farasi namba 4. Anaongoza, mara anajikwaa na aliyempanda anarushwa chini. Pesa imekwenda? Mara nyingi ndiyo, ila wabeti wengi wa Makambako na Njombe hutoa pesa kabla ya kuuliza ni mbio za aina gani.

Farasi wa kompyuta, wale wanaokimbia kwenye skrini kila baada ya dakika chache, hawana mpandaji wala ajali. Mshindi huchaguliwa na programu kwa bahati nasibu. Kuanguka ni picha tu. Unachoweza kudai hapo ni matokeo yaliyotangazwa yalipwe kama tiketi inavyosema, na kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Mbio za kweli ni habari nyingine. Farasi aliyekwisha kuondoka akaanguka huhesabiwa ameshindwa, hata kama hakuna mwenye kosa. Mwaka 1956, kwenye Grand National ya Uingereza, Devon Loch aliyepandwa na Dick Francis alianguka akiwa anaongoza, zimebaki mita zisizofika 50. Waliombetia ashinde walipoteza. Mwaka 1993, kwenye mbio hizo hizo, uondokaji ulivurugika mara mbili, na wapandaji wengi hawakujua kuwa wameamriwa kusimama. Farasi 30 kati ya 39 wakakimbia, 7 wakafika mwisho. Mbio zikafutwa na madau yakarudishwa. Kwa hiyo, kabla ya kubeti, tafuta kwenye masharti ya kampuni sehemu inayoeleza mbio zilizofutwa na farasi ambaye hakuondoka kabisa.

Na mpandaji akivuta hatamu ili asimkanyage mwenzake aliyeanguka? Hana deni lolote kwako. Uhai wa mtu aliye chini unatangulia tiketi yako, na sioni hoja ya kubishana hapo. Akimzuia farasi makusudi ili ashindwe, wasimamizi wa mbio humwadhibu, ila usitegemee adhabu hiyo ikurudishie pesa.

Linaloniumiza zaidi ni dau la mtaani. Tuseme vijana wawili wa bodaboda wanashindana barabara ya Makambako kwenda Njombe, na watazamaji wamemkabidhi mtu mmoja pesa zote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu makubaliano ya kamari kuwa batili, kwa hiyo mshika pesa akitokomea, usitarajie mahakama ikudaie ushindi. Mmoja wa vijana hao akimgonga mama anayevuka, kuna kosa la jinai la kuendesha kwa hatari, na mwenye haki ya kudai fidia ni mama yule. Awahishwe hospitali, ichukuliwe fomu ya PF3 polisi, na namba ya pikipiki pamoja na taarifa za bima yake ziandikwe kabla haijaondolewa pale.

Ukiwa na mgogoro na kampuni yenye leseni, tunza tiketi au ujumbe wa muamala, piga picha matokeo, kisha andika malalamiko kwa kampuni yenyewe. Ikikaa kimya, yapeleke kwa Bodi. Malipo yakiwa pungufu, angalia kwanza kodi iliyokatwa kwenye ushindi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, na akitumia laini ya kaka yake, siku ya kudai atakwama.