TUJIFUNZE KIINGEREZA CHA FOMU: KITENZI "HAVE"

Leo tuna kitenzi kimoja kidogo, lakini kimewasumbua wengi wetu hapa Voi na kwingineko Taita Taveta.

Tuanze na kisa. Mama mmoja wa darasa letu la jioni alivamiwa na ndovu usiku. Mahindi na kunde zote zikaisha. Sote twajua habari hizo, kwani zaidi ya nusu ya eneo letu ni mbuga ya Tsavo, na ndovu hawasomi mipaka. Mama akajaza fomu ya fidia mwenyewe, akaandika: "I have one acre of maize." Fomu ikarudi na swali: kama mahindi yapo, hasara iko wapi? Akatuletea karatasi hiyo imekunjwa ndani ya leso.

Mama hakusema uongo. Alitaka kusema "nilikuwa na", akaandika "nina". Basi tuone.

SURA ZA KITENZI HIKI

Vitenzi vingi vya Kiingereza vikienda wakati uliopita huongezwa "ed" mwishoni: "walk", "walked". "Have" hakifuati njia hiyo. Usiandike "haved", neno hilo halipo.

"Have" hutumika na mimi, wewe, sisi, ninyi na wao.
"Has" hutumika na yeye mmoja, au kitu kimoja: "She has a shamba."
"Had" ni ya wakati uliopita, kwa watu wote.

Sisi kwa Kiswahili tukitaka kurudi nyuma twaongeza neno zima: "nina" yawa "nilikuwa na". Mwingereza yeye hubadilisha mwisho wa neno tu, na hapo ndipo jicho linapopitiwa.

KAZI ZAKE TATU

Ya kwanza ni kumiliki. "I have three goats", nina mbuzi watatu. "I had three goats", nilikuwa na mbuzi watatu, sasa huenda sinao.

Ya pili ni kuonyesha jambo limekwisha tendeka, kama "-me-" yetu. "The elephants have eaten the maize", ndovu wamekula mahindi. Angalia: ni "have eaten", si "have ate". Lakini ukitaja siku, "have" inaondoka: "The elephants ate the maize on Tuesday night." Na kwenye fomu ya fidia siku ni lazima itajwe.

Ya tatu ni ulazima, na hapa huongezwa "to". Hebu linganisha:

"You have paid." Umelipa.
"You have to pay." Ni lazima ulipe.

Mzazi mmoja alipokea barua ya karo yenye maneno hayo ya pili, akafurahi ati deni limekwisha. Kumbe! Ukiona "have to" kwenye barua, usiiweke kabatini. Kuna kazi unatakiwa kufanya.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Hata hivyo fomu nyingi bado zatujia kwa Kiingereza. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilimpa mwananchi haki ya kudai fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, na kwa mazao, mifugo na mali iliyoharibiwa. Lakini ilisema pia kwamba asiyechukua hatua za kutosha kulinda mali yake halipwi. Kwa hiyo kama ulikuwa na ua, hata ule wa mizinga ya nyuki kama wa wenzetu wa Sagalla, liandike: "We had a fence." Sentensi hiyo fupi ina uzito. Ukiiacha, nani atakusemea?

MAZOEZI

Jaza "have", "has" au "had".
1. Before the elephants came, we ___ ten bags of maize.
2. Today my neighbour ___ only two goats.
3. You ___ to sign here.

Majibu: ya kwanza ni "had", ya pili "has", ya tatu "have". Ukikosa moja usivunjike moyo, rudia somo pamoja na jirani.

Na yule mama? Hatukumwandikia. Tulikaa naye, akaandika upya kwa mkono wake: "I had one acre of maize. The elephants ate it." Akaongeza tarehe. Fidia yenyewe ina foleni yake, hilo hatuwezi kumwahidi mtu. Lakini safari hii hakuna aliyemwuliza hasara iko wapi.